Jina la Jirani Aliye Hai

Juzi niliona jina la mdogo wangu, Niamh, kwenye orodha ya waogeleaji, nikakumbuka alasiri alipopewa jina hilo, katika fleti yetu ya Downsview, ughaibuni, iliyonukia vitunguu na mafuta ya mtoto.

"Linaandikwa hivyo, halafu linatamkwa Niiv," Baba alilalamika. "Walimu watalivuruga."

"Baba Akinyi, hata Akinyi wanalivuruga," Mama alijibu. "Na huyu mama ndiye aliyenishika mkono nikijifungua."

Huyo mama alikuwa Bi Niamh, jirani yetu mzee kutoka Ireland. Maneno ya kushikwa mkono yalinipita. Kwetu Wajaluo mtoto hurithi jina la marehemu, kama mimi nilivyorithi la nyanya, kwa hiyo nilielewa kwamba jirani anakufa na wakubwa wananificha.

Nilikimbia hadi mlangoni kwake. Alifungua, mikono imejaa unga, redio ikiimba nyuma yake.

"Unaumwa?" nilimuuliza.

"Goti tu. Kwa nini?"

Nilimweleza huku nikilia. Alinisikiliza hadi mwisho, akajifuta mikono, tukaenda pamoja kwetu.

"Mpeni," alimwambia Mama. "Wazee wenu hawakupata bahati ya kuwaona wajina wao. Mimi nitamwona."

Leo najua kwamba hata nyumbani, kwa Wajaluo wenyewe, wapo wanaowapa watoto majina ya watu walio hai. Siku ile nilijua tu kwamba Bi Niamh alimpakata mtoto, akaliita jina lake mwenyewe kwa sauti, na hakufa.