Kope za Rubani

Kabla ya kueleza habari za ndege za jeshi, lazima nieleze habari za kope, kwa sababu dada yangu Dorkasi alizijua kope kuliko mtu yeyote pale Ipagala, pembeni ya mji wa Dodoma.

Ugonjwa wa vikope ni wa siku nyingi huku kwetu. Mtoto anaumwa macho, anapona, anaumwa tena. Akiwa mtu mzima kope zake zinageuka na kuelekea ndani, na kila akipepesa zinamkwaruza kama mchanga. Dada alikuwa na kibano alichokikunja mwenyewe kutoka kwenye kipande cha bati. Asubuhi jua likishapanda, wanawake walikuja uani kwake, wakalaza kichwa kwenye mapaja yake, naye akang'oa kope moja moja huku anawasema.

"Tulia, Emilia! Watoto saba umezaa, kope moja inakuliza?"

Baada ya wiki chache kope ziliota tena, na Emilia alirudi tena.

Mtoto wa mwisho wa dada, Lameck, alikuwa rubani wa jeshi. Alirusha ndege za mizigo. Kila miezi sita marubani walipimwa na daktari wa jeshi, na mwenye kasoro ya macho alisimamishwa kuruka. Siku za kupimwa zikikaribia, Lameck aliomba likizo fupi akaja nyumbani. Majirani walimsifu kwamba hamsahau mama yake. Ukweli tuliujua watatu tu: yeye, mama yake, na mimi mjomba wake. Lameck alikuja kung'olewa kope, ili daktari akimwangalia asione kitu.

Mwezi wa kumi mwaka 1993 alikuja kama kawaida. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne apimwe. Alilaza kichwa, dada akashika kibano, akavuta. Lameck akaruka.

"Mama, hiyo siyo."

"Nani kakwambia siyo? Nilikuwa nawang'oa watu wewe hujazaliwa."

Akavuta tena. Siyo. Mara ya tatu akabana ngozi ya jicho, damu ikatoka. Dada akaweka kibano chini, akaifuta damu kwa ncha ya kanga.

"Sikuoni, mwanangu," akasema. "Tangu mavuno nakuona kama uko ndani ya chandarua."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anawang'oa wengine, na zake hakuna aliyezing'oa. Lameck alimgeuza kope, akaona, akakaa kitako.

Akanigeukia mimi nijaribu. Nilishika kibano, mkono ukanitetemeka.

"Acha, mjomba," akasema. "Unatetemeka kama unachinja mbuzi wa mtu."

Kesho yake tulikwenda mjini. Wakati huo serikali ilikuwa imeruhusu tena watu binafsi kufungua zahanati, na moja ilikuwapo karibu na soko. Mganga wake aliitwa Rahimu, mwenyeji wa mjini kwa mababu, mtu wa mzaha. Lameck alivaa koti la mtumba na miwani nyeusi. Jina aliloandikisha ni Silvano.

"Bwana Silvano, miwani ya nini? Unapiga muziki?" Rahimu akauliza. Akaivua miwani, akageuza kope kwa njiti ya kiberiti, akaangalia kwa muda mrefu. Mzaha ukamwisha.

"Nikizing'oa leo, kabla ya Krismasi utakuwa umerudi. Na kioo cha jicho kimeanza kukwaruzika hapa pembeni. Hii siyo kazi ya kibano wala dawa ya kupaka. Nenda hospitali ya Mvumi, wana watu wa macho, watakukata kidogo na kuzigeuzia nje."

"Nikikatwa, kazini watajua."

"Kazi gani?"

"Dereva."

"Dereva, ukipofuka hawatajua?"

Lameck akavaa miwani yake. Tulirudi Ipagala kwa miguu, na njia nzima alisema kitu kimoja tu, kwamba anawajua marubani wawili waliosimamishwa kwa wiki chache, na sasa wanahesabu matairi stoo.

Nyumbani dada alikuwa anatusubiri na ugali wa uwele na mlenda. Alisikiliza yote, akanawa mikono.

"Sasa unataka nini? Nikung'oe kwa kupapasa?"

"Mama, nikiandikwa hospitali, karatasi ile itanifuata. Sitarusha tena."

"Basi wewe usiende. Nitakwenda mimi. Kesho. Utanisindikiza, maana mjomba wako huyu anaona haya hata kuuliza njia."

Ni kweli naona haya, lakini niliandamana nao.

Tulifika Mvumi kwa lori, vumbi mpaka kwenye meno. Benchi la macho lilikuwa limejaa wazee, wengi wao Wagogo wenzetu wa vijijini, na vitambaa vyao vya kufutia machozi. Lameck alikaa mwisho kabisa na miwani yake. Dada aliitwa akaingia. Kutoka ndani tulimsikia akimwuliza muuguzi kama ameolewa, ana watoto wangapi, na kwa nini sindano ni ndefu. Hata nusu saa haikufika. Akatoka na bandeji macho yote mawili, ameshikwa mkono na muuguzi huyo, Sista Raheli.

Nilidhani atataka kukaa. Akasimama katikati ya ukumbi.

"Sista, bado mmoja. Yule mrefu wa mwisho, mwenye miwani. Ni mwanangu Lameck. Anarusha ndege za jeshi, na ana vikope kama mimi, na ananiogopesha."

Benchi lote likageuka. Bibi mmoja asiye na meno akapiga makofi. "Ndege haiogopi, anaogopa sindano!"

"Huko juu nani anamfuta machozi?" mwingine akauliza, na watu wakacheka mpaka wakakohoa.

Lameck alisimama. Nilimwona amekasirika, shingo imevimba, nikadhani atatoka nje aende zake. Sista Raheli akamsogelea, akasema kwa sauti ndogo, "Sisi hatuandikii jeshi barua. Karatasi yako utapewa wewe mkononi. Utakayempa ni shauri lako."

Lameck akavua miwani. Akamwangalia mama yake, amesimama pale na bandeji zake, anageuza kichwa huku na huku kutafuta aliko. Akaingia.

Siku ya kumi nyuzi zilitolewa. Mabaka ya damu yalikuwa bado yanaonekana. Lameck angeweza kuomba likizo ya ziada, akadanganya kitu. Badala yake alikwenda kikosini siku ile ile aliyopangiwa, na kabla daktari hajamwuliza, akaweka karatasi ya Mvumi mezani. Hayo aliyaandika kwenye barua. Mwisho wake aliandika: "Nimesimamishwa wiki sita. Baada ya hapo sijui."

Wiki hizo sita dada hakung'oa mtu kope hata moja. Kila aliyekuja alimwambia, "Nenda Mvumi. Mwanangu amekwenda." Jicho moja la dada lilibaki na ukungu, lakini la pili lilifunguka vizuri, na akaanza kutugombeza kwa vitu ambavyo zamani hakuviona, buibui ukutani, kola yangu. Ila akisikia ndege yoyote alinyamaza mpaka ipite.

Barua ya pili ilikuja na mwanajeshi aliyekuwa anapita. Nilimsomea dada mara tatu. Lameck alikuwa amesoma herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa, jicho la kulia na la kushoto. Daktari aliandika kwamba anafaa kuruka. Na Jumamosi angeleta mzigo Dodoma.

Jumamosi tulikuwa kwenye uzio wa uwanja wa ndege tangu saa mbili, dada, mimi, Emilia na nusu ya mtaa. Ndege ilishuka ikakimbia, ikasimama mbali. Wakashuka watu watano, wote sare moja. Mimi bado nilikuwa nakaza macho kutafuta yupi ni yupi.

"Yule wa pili," dada akasema. "Anatupa mguu kama marehemu baba yake."

Akapiga vigelegele. Wanawake wakampokea, uwanja mzima ukageuka. Askari wa lango akaja mbio.

"Mama, hapa hairuhusiwi kelele!"

"Mwite rubani wako aje anikamate!"

Rubani alikuja, anacheka, macho makavu, meupe, wazi kabisa kwenye jua la saa tano. Nyuma yake walikuja vijana wawili, marubani pia, mmoja wa Singida, mwingine wa Kondoa, wamesimama kama wanafunzi waliochelewa.

"Shikamoo, mama," Lameck akasema. "Hawa wenzangu wana siku nne za mapumziko. Wanauliza lori la Mvumi linaondoka saa ngapi."

"Marahaba. Saa kumi na mbili asubuhi," dada akasema. Akapenyeza mkono kwenye uzio, akamshika yule wa Singida kidevu, na kumgeuzia uso juani.