Dawa Waliyogawana Mapacha

Limi hakuwahi kumpa Kulwa kitu bila kumpa Doto. Hata kofi. Mmoja akikosea, na mwenzake alionjeshwa, na majirani pale Buseresere walicheka: "Mama Kulwa, huyo Doto naye kakosa nini?"

"Kakosa kuzaliwa peke yake," Limi alijibu, wala hakuwa anatania. Siku mkunga alipowatoa wasichana wale wawili wenye kondo moja, wamefanana kama macho mawili ya uso mmoja, mama mkwe wake Nyamizi alimwonya: pacha ukimbagua mmoja, yule uliyemnyima ataugua, na akiugua atamvuta mwenzake. Tangu hapo Limi aliishi na hofu hiyo kama mtu anayebeba mtungi kichwani.

Mwaka 1996 wasichana walikuwa wamefika miaka kumi na mitatu. Baba yao, Mageni, alikuwa Geita kwenye mashimo ya dhahabu, haonekani miezi. Limi alikuwa na desturi ya kuwakagua wanawe wakioga, kama mtu anayechambua mchele. Ndipo alipoona baka lililopauka mgongoni mwa Kulwa. Alilichoma kwa sindano ya kushonea. Kulwa akageuza shingo.

"Mbona huanzi, mayu?" alimwuliza mama yake.

Sindano ilikuwa imeshaingia.

Hospitali ya misheni, Daktari Donatus alisema ni ukoma, tena wa kutibika. Kulwa angemeza kidonge kimoja cheupe kila siku kwa miezi sita.

"Na huyu mwingine?" Limi aliuliza.

"Huyu hana kitu, mama."

Bado hana, Limi alisema moyoni.

Nyumbani alitwaa kisu, akakikata kidonge katikati, nusu kwa Kulwa, nusu kwa Doto. Kesho yake vivyo hivyo.

"Mimi siumwi," Doto alilalamika.

"Meza," Kulwa alimwambia, "usije ukaninunia ukanivuta kaburini."

"Nikienda mimi, ndoo zote za maji zitakuwa zako."

Wakacheka mpaka Nyamizi akawanyamazisha.

Wiki ya pili haijaisha, Doto alianza kuchoka njiani akitoka kisimani. Macho yakawa ya manjano. Limi akaona sasa ugonjwa umehamia kwa huyu, akashukuru kwamba alianza kumtibu mapema, akaendelea kumpa nusu yake. Kisha akaona mkojo wa mtoto: mweusi kama kahawa. Ndipo alipokodi baiskeli, akampakia Doto nyuma na kumfunga kwa kitenge kwenye mgongo wa mwendeshaji. Yeye na Kulwa wakafuata kwa miguu.

"Amekula nini? Amekunywa dawa gani?" Daktari Donatus aliuliza.

Kulwa akajibu, "Dawa yangu."

Daktari alisimamisha dawa papo hapo, akapeleka damu kidogo ya watoto wote wawili Mwanza ikapimwe. Limi alinyoosha mkono, akatoa ya kwake, Doto akaongezewa. Haikutosha. Figo zilikuwa zimekwisha kufunga. Alikufa mchana, Kulwa ameushika mguu wake.

Majibu yalirudi baada ya maziko. Limi alikwenda kuyasikia, akauliza swali moja tu.

"Hawa walikuwa mtu mmoja, daktari. Dawa moja, kisu kimoja. Mbona Doto?"

Daktari alivuta kiti karibu. "Damu ina ngao yake dhidi ya dawa kali kama hii. Maelekezo ya kuitengeneza, mtoto wa kike hupewa mara mbili, ya mama na ya baba. Wanao walipata mazima kwa mzazi mmoja, mabovu kwa mwingine. Sasa, wakiwa tumboni, wadogo kuliko punje ya mtama, kila chembe ya mwili ilifunga ya mmoja na kutumia ya mwingine. Hakuna aliyechagua. Ni bahati. Kwa Kulwa, chembe nyingi zilifunga yale mabovu. Kwa Doto, zilifunga mazima."

"Na hazikubadilika alipokua?"

"Wewe kwenu wapi?"

"Samuye."

"Wanao husema kwao wapi?"

"Hapa hapa Buseresere."

"Basi ndivyo. Chembe ikishahamia upande mmoja, wanawe na wajukuu wake hubaki huko huko. Damu ni ya Samuye, lakini hakuna anayerudi."

Limi alitazama mikono yake. "Kwa hiyo sikuwabagua mimi."

"Walitengana kabla hujajua una mimba. Lakini dawa, mama, haikuwa ya kugawa." Akamsogezea pakiti mpya. "Kulwa aanze upya, kidonge kizima. Nitampima damu kila wiki."

Kulwa alikataa. Alikaa juu ya kitanda walicholala wawili, amekunja mikono.

"Mimi ni yeye, mayu. Kilichomuua kitaniua."

Limi akamweleza habari ya Samuye na Buseresere, kama alivyoweza.

"Na kama daktari amekosea?"

Bila dawa, vidole vya mtoto vingekufa kimoja kimoja. Akiwa na dawa, hajui. Aliweka kidonge kizima kwenye kiganja cha binti yake, akakaa naye mpaka akameza.

Asubuhi alimpa Kulwa beseni jeupe, akangoja nje ya mlango wa choo. Mkojo ulikuwa wa rangi yake ya kawaida. Limi akauangalia tena juani, akaumwaga, na kesho yake akaenda kusimama pale pale.