Sakiti Nisiyoweza Kuidhamini

Nilikuwa nikisomea uzamili Chuo Kikuu cha Kyambogo mwalimu wangu aliponipa kazi ya kubuni sakiti ya mwamuzi. Ni sakiti ndogo inayokaa kati ya sehemu mbili za mashine zisizofuata mapigo ya saa ileile. Zote mbili zikiomba kutumia kumbukumbu ileile, yenyewe huamua ipi itangulie. Mwalimu, mtoto wa askari kutoka kaskazini, aliongea nami Kiswahili cha kambini.

"Punguza transista, binti. Iende mbio."

Nikapunguza, ikaenda mbio kweli. Lakini maombi mawili yalipofika pamoja kabisa, mstari kwenye skrini ya kipimo ulipanda hadi katikati ukaning'inia, si juu si chini, yaani sakiti haijaamua, kabla ya kuangukia upande mmoja. Kwa kawaida ulikawia kidogo sana. Mara chache ulikawia kupita kiasi. Nilibadilisha kila nilichoweza kubadilisha. Vitabu vyote nilivyosoma vilisema jambo hilo haliondoki. Unaweza tu kulifanya litokee kwa nadra.

Wakaja watu wa kampuni ndogo iliyounda mashine za kufuatilia wagonjwa. Kasi iliwafurahisha. Kisha mhandisi wao, mama mmoja mpole, akaniuliza, "Unatuhakikishia itajibu ndani ya muda huu, kila mara?"

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa akitazama meza.

"Siwezi," nikasema.

"Tukiongeza muda?"

"Hatari itapungua. Haitaisha."

Akafunga kompyuta yake taratibu. Afadhali angekasirika.

Walipoondoka mwalimu alisema, "Ungewaambia ndiyo tu."

"Na mgonjwa, mwalimu?"

Alichukua koti lake akatoka.

Nyumbani, mtaani Kisugu, mama alikuwa akikunja vitenge alivyorudi navyo kutoka sokoni. Tangu tutoke Kongo hajaacha biashara hiyo.

"Ile mashini yako, waliichukua?"

"Hapana, mama. Wanataka niwaahidi kitu kisichowezekana."

"Na ukiitengeneza muzuri zaidi?"

"Hata hivyo."

Akasogeza vitenge nikae. "Sasa utafanya nini?"

Nilikaa. Nikavuta kitenge kimoja, nikamsaidia kukunja.

Jumatatu nilikuta mwalimu amempa mwanafunzi mwingine meza yangu ya maabara. Sakiti ilikuwa sakafuni, ndani ya boksi. Kijana wa watu aliniomba radhi, akasema hapati waya wa kipimo. Nikamtafutia, nikamwonyesha unapochomekwa, nikabeba boksi langu.