Kona ya Upande wa Karai

Timu yetu ilikuwa na mshambuliaji mrefu kuliko mlango wa nyumba yao, na msimu mzima hakuletewa krosi hata moja ya kupiga kichwa. Mpigaji wa kona nilikuwa mimi. Kila nilipopiga, mpira ulimfikia beki wa kwanza magotini, naye akautoa bila hata kuharakisha.

Mimi ni mtu wa kufikiri sana. Nina shahada ya uchumi, na ninaposubiri kazi inayolingana nayo nakaa kwenye duka la mjomba wangu, nauza misumari na rangi. Duka la misumari humpa mtu nafasi kubwa ya kufikiri. Nilifikiri kwamba labda mguu wangu wa kulia una kasoro. Nikafikiri labda tatizo si mimi, ni zama. Hata kwenye runinga siku hizi winga hafiki mwisho wa uwanja akainua mpira kama zamani. Anakata ndani, anarudisha nyuma, na kona inapigwa fupi kana kwamba mpira ni wa kuazima.

Kocha wetu, ambaye katikati ya wiki hutengeneza friji, aliipenda nadharia hiyo.

"Kona ya juu imepitwa na wakati," alituambia. "Huko Ulaya wameshaiacha. Sisi tuko mbele, nyinyi hamjui tu."

Tulikuwa mbele, na tulikuwa tunafungwa kila wiki.

Basi yule mshambuliaji akapata kazi ya ulinzi Ghuba. Tumesoma darasa moja tangu tukiwa wadogo, na yeye ndiye aliyekuwa akinishika mkono nikiogopa mbwa wa njia ya shule. Viza ilipotoka alikuja dukani, akaegemea kaunta, akachezea bawaba moja kwa muda mrefu.

"Mwanangu, Jumamosi ndiyo mechi yangu ya mwisho. Sitaki zawadi, sitaki karamu. Niwekee mpira kichwani mara moja. Nikikosa, hiyo ni juu yangu."

"Inshallah," nikasema.

"Wacha hiyo. Hiyo ni inshallah ya fundi wa nguo siku ya kuamkia Idi."

Alipoondoka sikuuza kitu cha maana. Mteja aliomba brashi nikampa bomba.

Siku ya pili nilichukua mpira nikaenda uwanjani mchana, jua la utosi, ili nisionekane. Uwanja wetu uko Mtopanga, umezungukwa na nyumba ambazo kila mwaka husogea kidogo. Kona ya kwanza imebanwa na ukuta, ya pili na mtaro, ya tatu na tangi la maji. Ya nne ndiyo iliyo wazi, na ndiyo tunayoitegemea. Nikaweka mpira kando ya kibendera, nikarudi nyuma, nikakimbia, nikapiga. Mpira ukapaa. Ukavuka mahali anaposimama beki wa kwanza, ukaanguka mbele ya goli taratibu kama mtu anayekaa kitini. Nikapiga tena, ukapaa tena.

Sikufurahi. Nilitia shaka. Nikarudi kuangalia nilipoanzia kukimbia, nikaona nimesimama juu ya majivu na doa jeusi la mafuta. Hapo ndipo linapokaa jiko la mama muuza viazi karai.

Yeye hufungua alasiri, saa zile zile tunazoanza mazoezi na mechi. Kabla ya siku ile sikuwahi kuiona kona ile bila jiko lake, karai lake la mafuta yanayochemka, na benchi la wateja. Mpigaji yeyote alikuwa na nafasi ya hatua moja na nusu, mgongo ukilihisi joto. Na hakuna aliyewahi kumwambia asogee. Ni mama wa heshima, amewalisha wachezaji wengi wetu tukiwa na njaa. Kumwambia ainuke na moto wake ingekuwa kama kumwinua mgeni mkekani. Nikatazama ule ubavu mrefu wa uwanja nikaelewa na tatizo la mawinga pia. Watazamaji hukaa palepale kwenye mstari, wazee wamenyoosha miguu ndani ya uwanja. Winga akitaka kufika mwisho lazima amkanyage babu wa mtu. Kwa hiyo anakata ndani. Tulikuwa tunaharibu mpira kwa adabu, kisha tukasingizia Ulaya.

Jioni ile nilikwenda kwa yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nikutilie ukwaju?"

Nikala viazi viwili. Nikatafuta maneno, nikala viwili vingine. Nilishiba kabla sijasema kitu.

"Mama, nina ombi."

"Sema."

"Jumamosi mwenzetu anacheza mechi ya mwisho, yule mrefu. Sasa, kama haitakuwa taabu, na kama moto utakuwa haujakolea, na kama wateja hawatajali..."

"Babangu, wataka kuposa, au wataka nini?"

Vijana wa kwenye benchi wakacheka. Nikasema haraka: "Nataka nafasi ya kukimbilia kona."

Akageuka akakitazama kibendera, akalitazama jiko, kama anayegundua leo kwamba hao wawili ni majirani.

"Kwani ni miye niliyewazuia?"

"Hukutuzuia, mama."

"Siku zote nakaa hapa nawatazama mwapiga kimpira cha kutambaa. Nikasema, ndio mchezo wa vijana wa sasa, nisiwaingilie. Kumbe mwaniogopa?"

"Si kuogopa, mama. Ni heshima."

"Heshima gani ya kufungwa kila wiki?" Akageuza viazi kwenye mafuta. "Jumamosi nitaweka jiko kule kwa tangi. Nenda kalale. Sura yako kama ya mtu anayeuguza."

Jumamosi jiko lilikuwa kwenye tangi na wateja walikuwa wamelifuata. Kipindi cha kwanza tulishambulia upande mwingine, tukafungwa mawili. Kipindi cha pili tukapata kona upande wetu. Nilirudi nyuma, nikarudi tena. Mabeki wao walinitazama kama mtu anayeondoka uwanjani. Nikakimbia, nikapiga, na mpira ukapita vichwa vyote, ukapita goli, ukaangukia kamba ya nguo ya nyumba ya pili na kushusha shuka.

"Fupi!" kocha akapiga kelele. "Piga fupi!"

Yule mrefu aliniangalia tu, akajigusa paji la uso kwa kidole.

Muda ulikuwa unakwisha tulipopata nyingine. Kocha akaanza tena habari ya fupi, na kutoka kwenye tangi nikasikia sauti ya yule mama, haina haraka: "Mwache mtoto apige."

Sijui nilifikiri nini. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya pekee mwaka ule ambayo sikufikiri. Mpira ulimvuka beki wa kwanza, akaruka akakosa, na nyuma yake mwenzangu alikuwa tayari hewani, shingo imejikaza. Aliupiga chini. Ukadunda mbele ya kipa, ukampita katikati ya mikono.

Tulifungwa mawili kwa moja. Yeye alitoka uwanjani akicheka peke yake, na katikati ya paji la uso ana duara la vumbi jekundu lenye mistari ya mpira. Nilimwambia ajifute. Akasema hapana. Alipita nalo barabarani akisalimia watu, akaingia nalo kwao akiinamisha kichwa mlangoni, na mama yake alipouliza ameanguka wapi alimjibu kwamba hakuanguka, aliruka.

Sasa yuko huko analinda jengo lenye lifti nyingi. Kila Jumamosi jioni ananitumia ujumbe wa sauti, swali moja tu: leo zimevuka?

Jiko halikurudi kwenye kona. Mama anasema kwa tangi kuna kivuli. Kocha anatuambia kwamba huko Ulaya wameirudia kona ya juu, na kwamba yeye aliliona jambo hilo mapema. Wazee bado hawajavuta miguu yao. Hilo nitalifikiria siku nyingine. Jumamosi iliyopita nilikuwa na nafasi yote niliyoitaka, nikakimbia vizuri, na mpira ukamgonga beki wa kwanza magotini. Nilimjibu rafiki yangu kwamba mbili zimevuka na moja haikuvuka, na kwamba kosa la hiyo moja lilikuwa langu mwenyewe kabisa.