Kikombe cha Maji Penye Mikonge

Jumapili iliyopita nilitoka Kitale kwenda kanisani kwetu Naitiri. Pasta alisema neno la Kigiriki lililotafsiriwa ukumbusho, anamnesis, si kuwaza tu yaliyopita. Ni kuyaleta mbele yako, kana kwamba yanatendeka sasa.

Nikawa mtoto tena, alasiri ile tulipotoka kumzika baba. Udongo wa kaburi ulinuka mvua. Baba mdogo alikuwa aking'oa mikonge ya mpaka wetu kwa jembe, nami nikadhani anawafungulia waombolezaji njia. Nilimpelekea maji kwa kikombe cha baba.

"Asante, mtoto yangu," alisema. "Wewe uko na roho safi, bana."

Mama alitazama kutoka mlangoni. Msimu uliofuata mahindi ya baba mdogo yalifika hadi ukuta wa jiko letu.

Sasa yeye ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyeniletea sahani ya mkate wa Meza ya Bwana.

"Chukua," alininong'oneza. "Si tusahau tu mambo ya zamani."

Nilitafuna polepole nikimtazama machoni.

"Umesikia pasta, baba mdogo. Mimi bado niko pale kwa mikonge, na kikombe nimeshika."