Nyumba Iliyoachwa na Vyombo Vyake

Baba yangu alizaliwa Rutana na mama yangu Makamba, huko Burundi. Tulikimbia nikiwa mtoto, tukaacha sahani mezani. Tukiwa kambini Tanzania tulisikia kwamba jirani alihamia nyumbani kwetu na anakula kwenye sahani zetu.

Kwa hiyo, mjukuu wangu unayeniandikia hadithi hii, wanangu wa Louisville, Columbus na hapa Buffalo, Marekani, walipokodi nyumba ya mkulima huko mashambani Ufaransa kwa ajili ya likizo, niliitazama kwa shaka. Ilikuwa imekarabatiwa vizuri, lakini mwenyewe hakuwapo. Vitanda vilikuwa vimetandikwa, vikombe vimejaa kabatini, na ufunguo tuliachiwa chini ya chungu cha maua. Nikauliza, "Wenyewe wamefukuzwa na nani?"

Baba yako akacheka. "Mama, hii ni likizo!"

Nikakalia sanduku langu mlangoni, nikasema silali humo mpaka nimwone mwenye nyumba.

Jioni akaja, bibi wa rika langu, amebeba kikapu cha mayai. Baba yako akamtafsiria swali langu kwa Kifaransa.

"Nimefukuzwa na wanangu," akajibu. "Wanasema nyumba ni kubwa mno kwangu."

Yeye alicheka, mimi sikucheka. Hata hivyo alinishika mkono akanikaribisha, ndipo nikaingia.

Habari za bwawa la kuogelea ulizoongeza mwenyewe katika hadithi hii, zifute. Jibu la yule bibi litunze. Na hata mkihamia kitongoji cha Cheektowaga, nyumba yetu ya hapa mtaa wa West Side asiingie mpangaji ambaye sijamkaribisha kwa mkono wangu.