Miwani Iliyokwama Posta

Mume wangu amepanga barua posta miaka thelathini na moja. Hata sasa amestaafu, ukimwachia karanga mezani atazipanga kwa ukubwa. Mimi ni fundi cherehani. Miwani yangu ilivunjika, binti yetu akaninunulia nyingine huko aliko, akaituma kwa posta kwa jina la baba yake. Wiki tatu, kimya. Nikashona mkono wa gauni la mteja shingoni. Mteja akalia, nami nikalia. Fundi asiyeona tundu la sindano ana kazi gani?

Basi mchana mmoja simu ikalia. Baruapepe. Nikampa baba watoto asome.

“Mpendwa mteja, kifurushi chako kimekwama posta. Bonyeza hapa ulipe ada ndogo, uweke namba ya kadi ya benki na namba ya siri. Usipolipa ndani ya saa mbili, kitateketezwa.”

“Miwani yangu!” nikaruka. “Lipa, baba!”

“Nilipe nini? Hawa ni wezi.” Akavuta kiti, nikajua leo nimekwisha. “Kwanza, mpendwa mteja ndiye nani? Kifurushi kina jina la mtu. Namba yake iko wapi? Anwani iliyotuma hii haina hata neno posta, herufi zimemwagika tu. Na namba ya siri ya nini, wanataka kukuoa? Halafu saa mbili! Mke wangu, posta haijawahi kufanya kitu chochote kwa saa mbili.”

Mfa maji haishi kutapatapa. Nikampokonya simu, nikachomoa kadi. Niisogeze, niirudishe nyuma, tarakimu ni siafu tu.

“Nisomee!”

Akanisomea, mpole kabisa. Nikabonyeza, tarakimu za simu angalau ni kubwa. Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa.

“Wewe, umenisomea nini?”

“Namba yangu ya kazini,” akasema bila haya, akachukua simu akaufuta ule ujumbe.

Nikawaka. “Kama posta unaijua hivyo, miwani yangu iko wapi? Sanduku letu umelifungua lini?”

Akaanza kukuna goti. Kumbe! Tangu astaafu hajakanyaga pale. Karatasi ya kuitwa kuchukua mzigo huwekwa sandukuni, na bwana mkubwa haendi kwa sababu atapanga foleni upande wa wateja, aambiwe “Anayefuata!” na watu aliowafundisha kazi.

“Mimi nashona mikono shingoni, wewe unalinda cheo? Vaa viatu!”

Karatasi ilikuwemo sandukuni, ina siku kumi na mbili. Tukapanga foleni. Dada wa kaunta alimwamkia vizuri, akaomba kitambulisho, akamwonyesha pa kusaini: mpokeaji. Mume wangu akaishika ile kalamu muda mrefu mpaka watu wa nyuma wakakohoa. Akasaini.

Nikavaa miwani palepale. Wa kwanza kumwona vizuri alikuwa yeye. Macho yake yako nyuma ya kaunta, kwenye vijumba vya barua, na midomo inacheza: anapanga. Hasira zote zikaniishia. Njia nzima nilikuwa namwita mvivu, kumbe mwenzangu ana msiba wake.

“Kila Ijumaa tutakuja wote,” nikamwambia.

“Foleni ndefu.”

“Nitakushika mkono.”

“Mbele ya wafanyakazi wenzangu?” akauliza, lakini mkono alikuwa ameshautoa.